Niliondoa Majina, Nikaacha Siku za Mnada

Kosa ni langu. Silisukumi kwa shetani, wala kwa mtandao, wala kwa ujana. Nilijivuna, na aliyelipia majivuno yangu ni binti wa mama yangu mdogo. Nitamwita Regina, maana jina lake halisi nimeshaliharibu vya kutosha.

Mimi ni mtoto wa Masieda, kijiji cha huku Mbulu. Nilipoondoka kwenda Arusha, vijana wenzangu walicheka, "Huyu atarudi na redio ya kuazima." Nilirudi na stashahada ya kompyuta! Nilijisomesha kwa kufyatua matofali na kutengeneza simu, hakuna mjomba aliyenishika mkono. Chuo kimoja cha huku kwetu kikanikabidhi mtandao wake wote. Nilifunga wifi kuanzia madarasani hadi hosteli ya wasichana, na haikukatika hata kwenye mvua za masika. Hilo nalisema bila aibu.

Regina alikuwa anasomea ualimu palepale. Binti mtulivu, ameshachumbiwa na kijana wa familia ya wafugaji wa Gendabi. Siku moja alikuja ofisini kwangu, akasimama mlangoni.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Bando limeisha?"

"Hapana. Nilitaka kuuliza, mtu akisoma kitu kwa wifi ya chuo, kuna anayeona?"

Nikacheka. "Nani aone? Mwenye mtandao ni mimi! Soma unachotaka."

Akaenda zake uso umemng'aa. Sikumuuliza alikuwa anasoma nini.

Baadaye akaja mtafiti kutoka chuo kikuu, anachunguza jinsi wanafunzi wa vyuo vya vijijini wanavyotumia mtandao. Uongozi ulimkubalia. Alichoomba ni kidogo: jumla tu. Ni saa zipi watumiaji ni wengi, jengo gani lina msongamano. Jumla! Nikaona ananidharau. Mtu wa elimu yangu nipeleke jumla?

Nikamwandalia jedwali zima. Kila simu, kila siku, ilikuwa jengo gani, ilifungua tovuti zipi. Majina niliyaondoa, nikaweka namba. Nilijiona mwangalifu kweli kweli. Mtafiti akanijibu upesi: "Hiki sicho nilichoomba. Nimekifuta. Tafadhali nawe usikisambaze." Nikasema moyoni, ameona wivu huyu.

Jioni ileile nikalitupia jedwali kwenye kundi letu la WhatsApp la wasomi wa Mbulu na Hanang. Nikaandika: "Kazi ya mtoto wa Masieda hiyo. Mlisema redio?"

Watu wakapongeza. Kisha mwalimu mmoja, kaka wa mchumba wake Regina, akatania: "Huyu namba kumi na saba wa hosteli ya wasichana, mbona kila siku ya mnada anapotea? Ni dalali wa mbuzi?"

Mwingine akadakia: "Dalali wapi! Si shemeji yako mtarajiwa huyo? Ndiye peke yake anayepewa ruhusa kwenda kumsaidia mama yake kuuza maharage."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe!

Halafu mwalimu akafika kwenye safu ya tovuti. Akainakili pale kundini.

Tovuti za namba kumi na saba karibu zote zilikuwa za kifafa. Ya dawa zake. Ya ushauri kwa wanaotaka kuolewa. Ya walimu wanaoishi nacho.

Nikafuta ujumbe. Bure! Walikuwa wameshaupakua.

Mimi mwenyewe, ndugu yake, sikujua. Mama mdogo alilificha jambo hilo tangu mtoto akiwa mdogo, kwa sababu huku kwetu bado wapo wanaoamini kuwa ugonjwa ule unaambukiza. Mtu akianguka, wanamkimbia. Kwa dawa, Regina alikuwa ameacha kuanguka kabisa. Alikuwa anaishi kama sisi sote.

Mshenga alifika kwa mama mdogo kule Nambis akiwa na wazee wawili. Walisalimia vizuri, wakakataa chai. "Mama, binti yako hana kosa," alisema. "Lakini ng'ombe wetu hawatakuja." Hostelini nako wenzake wakahamisha magodoro, kikombe chake kikawa hakiguswi. Regina akafunga begi akarudi nyumbani bila kuaga.

Nilimfuata. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi.

"Regina, mimi niliondoa majina. Naapa!"

Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, hakuniangalia. "Kaka, hapa kwetu nani anahitaji jina? Mtu anajulikana kwa siku anazotoka na njia anayopita."

"Nitaongea nao."

"Umeshaongea nao."

Jamani! Lile neno linanifuata mpaka leo.

Kuchukua dawa kulimlazimu akae kwenye benchi la kliniki mbele ya watu ambao sasa walijua. Akaacha kwenda, hakumwambia mtu. Kisha akaangukia mafiga, mama yake akiwa shambani. Mkono wa kulia uliungua hadi vidole vikashikana. Hawezi kushika chaki. Hataki tena hata kusikia habari za shule.

Chuo kiliniondoa, na sikubisha. Kazi nitapata, mikono yangu ina ufundi. Lakini nikipita Nambis nikamwambia mama mdogo "Shikamoo", ananitazama tu, haitikii. Wa huku kwetu mnaelewa maana yake. Mzee akikataa shikamoo yako, umeshazikwa.

Nawaambia ninyi mnaokaa na taarifa za watu, kwenye mitandao ya vyuo, hospitalini, popote: mkiombwa jumla, toeni jumla! Msijidanganye kwamba namba inamficha mtu mahali ambapo kila mmoja anajua nani ametoka leo na ameelekea wapi. Wala msiseme mtazifuta baadaye. Juzi mtu wa Hanang nisiyemfahamu amenitumia jedwali langu mwenyewe, akinisifu kwa kazi nzuri.