Chupa ya ufunguo ukutani: nilijifunza u-admin hospitali ya Kindu, enzi za Zaire

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kwenye uzi wa passwords kuna mtu aliuliza: admin mwenye root, yaani ufunguo mkuu wa mfumo, hayupo na server imelala, mnafanyaje? Alijibiwa kwa kejeli tu. Mimi jibu ninalo, na nililipata kabla sijaona kompyuta hata moja. Hii siyo chai, nilikuwepo.

Ni Kindu, enzi za Chama kimoja, kila mtu anaitwa "citoyen", yaani mwananchi. Nilikuwa karani wa mizigo relini. Dada yangu Zaina alishikwa na uchungu siku mbaya kabisa. Mkubwa wa Chama alikuwa anatua kwa ndege, na watumishi wote walitakiwa barabarani kumchezea ngoma. Usipoonekana, kazi huna.

Hospitali nzima alibaki mkunga mmoja, Mama Feza, mfupi, mkali kama pilipili. Uani walikuwepo akina mama wanaowapikia wagonjwa wao.

Sasa kabati la dawa. Lilikuwa na kufuli mbili. Ufunguo wa kwanza anao Mama Feza, wa pili anao mtunza dawa, Mzee Amuri. Mmoja peke yake hafungui.

Nakala ya ufunguo wa Amuri ilikuwa ndani ya chupa ya kioo, mdomo umezibwa kwa saruji, imetundikwa ukutani kila mtu anaiona. Ukiutaka, lazima uvunje. Na hata ukivunja, bado unahitaji ule wa Mama Feza. Walipanga wenyewe wawili, hakuna aliyewatuma.

Siku hiyo Amuri yuko barabarani anacheza, ufunguo mfukoni.

Nimekaa barazani, Zaina yuko ndani, akaingia mtu wa Chama na abacost yake, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, imenyooka. Anataka sindano za kuzuia damu ya uzazi. Mke wa bosi wake ana mimba, eti ziwekwe nyumbani zisubiri.

"Mwenye funguo ingine hayuko, citoyen," Mama Feza akamwambia.

"Si iko mu chupa pale? Vunja!"

"Ile chupa haiko ya mukubwa. Iko ya muntu anakufa."

"Unajua unasema na nani?"

"Najua. Bibi ya mukubwa anakufa? Mumulete, nitavunja sasa hivi."

Akaondoka bila kuaga. Nikamwona huyu mama hana akili. Enzi zile watu walipotea kwa maneno madogo kuliko hayo.

Zaina akajifungua mtoto wa kike, mzima. Kisha ikaja damu. Wakuu, ilipita godoro ikawa inadondoka sakafuni, na dada yangu akaacha kuitika nikimwita.

Mama Feza akatoka mbio. Nikajua anakwenda kwenye kabati. Wapi! Akasimama mlangoni akapaza sauti uani:

"Wamama, kuyeni! Kuyeni muone!"

Wakaacha masufuria motoni. Nikampigia kelele kwamba dada anakufa. Hakunigeukia. Akainua chupa juu.

"Iko nzima?"

"Iko nzima!"

Akaibamiza ukutani. Akafungua kufuli zote mbili, akatoa kichupa kimoja cha dawa, akakiinua.

"Natoa ngapi?"

"Moja!"

Akafunga. Yote hayo yalikwisha haraka kuliko ninavyoyaandika, maana wale akina mama walishazoea kuitwa.

Damu ikapungua, ikasimama. Zaina akafungua macho akaomba maji. Nililia bila aibu.

Baadaye nikajua kwamba kabatini vilikuwepo vichupa viwili tu. Ndivyo vilevile alivyovitaka yule bwana asubuhi.

Kesho yake Mama Feza akaitwa ofisi ya Chama. Shtaka: ameiba dawa ya serikali. Nilijua hatumwoni tena.

Basi wale akina mama wa uani wakamsindikiza kwa miguu, na mimi nyuma yao. Wakaingizwa mmoja mmoja. Kila mmoja akasema lilelile: chupa ilikuwa nzima, alitoa moja, akafunga. Mkubwa wa ofisi akasema wote warudi kwao, na Mama Feza pia.

Tuliporudi, Mzee Amuri alikuwa ameshabadilisha kufuli na anaziba chupa mpya. Nilisimama nikimtazama hadi akaniuliza kama nimepotea.

Miaka imepita, sasa naendesha servers. Kwetu account ya dharura ipo. Password imegawanywa kwa watu wawili. Ikifunguliwa, timu nzima inapata alert, na siku hiyohiyo tunaibadilisha. Bosi akiitaka kwa sababu ni bosi, hapati.

Vijana wangu wanadhani log, ile kumbukumbu ya nani kafungua nini, ipo kwa ajili ya kumkamata mwizi. Nawaambia kuna mama aliyerudi nyumbani salama kwa sababu ya log, na log yenyewe ilikuwa midomo ya wale wapishi wa uani.

Zaina yuko hai, anakaa Mikelenge, palepale Kindu, ana wajukuu. Nimemsomea uzi huu kwenye simu kabla sijaurusha. Akaniuliza: "Na kwenu ku kazi, siku ya kuvunja, munaita nani akuye kuona?"

Mimi nimeshamjibu. Nyinyi je?