Kifaa cha ndege yetu kiliazimwa siku ya ukaguzi, kaka yangu amekatwa mguu

Wakuu, salamu kwenu wote, na wakubwa shikamooni.

Leo sikuja kutaniana. Hii siyo chai, siyo stori ya kutunga, na anayetaka kuiita chai aje Arusha nimpeleke kitandani kwa kaka yangu akaone mwenyewe mguu ulipoishia.

Nimeandika na kufuta sana kwa sababu ya matusi. Nimeyatoa. Yakibaki mawili matatu, mods mtanivumilia.

Niwaambie kwanza mimi ni nani, maana humu mtu akisema ana ndege tu, inbox inajaa maombi ya kazi.

Nauza vipuri vya trekta hapa Daraja Mbili. Urubani wangu ni wa leseni binafsi, naruka kwa mapenzi yangu, sibebi abiria wa kulipa. Ndege yenyewe ni kuukuu, viti vinne, injini moja, umri wake umenizidi. Tunaimiliki wawili, mimi na bwana mmoja tunayemwita Kamanda. Siyo askari, ni vile tu anapenda kuamrisha watu.

Kamanda ana ndege nyingine ya peke yake, na banda na kiwanja chake cha kurukia huko Terrat. Ile yetu ya pamoja inalala kwingine.

Sasa likaja hili sharti jipya. Kila ndege ndogo ya mtu binafsi iwe na kifaa kinachotangaza chenyewe ndege ilipo. Kinasoma satelaiti, kinarusha jina la ndege, kimo na uelekeo muda wote, na waongoza ndege wanakuona kwenye screen. Ukianguka, wanajua pa kuanzia kukutafuta.

Zamani ilikuwa redio na mdomo wako tu. "Niko juu ya Themi, naelekea kaskazini." Ukikosea hakuna wa kukubishia. Na Meru mnaujua, asubuhi mlima uko wazi, ukigeuka kidogo umejifunika wingu mpaka magotini, halafu kila rubani anasema yuko "pembeni ya Meru". Pembeni ipi, aisee? Mlima wote ule!

Group letu la marubani lilichafuka. Eti tunafuatiliwa kama wezi wa ng'ombe. Eti ndege yangu, anga la Mungu, mtu anichungulie kwa nini. Kamanda ndiye alikuwa mbele kwa kelele.

Mimi nilikipenda. Nikanunua kidogo cha kubandika kwenye kioo, nikakiandikisha kwa jina la ndege yetu. Nikiruka, mke wangu ananiona kwenye app ya simu akiwa jikoni. Kamanda naye akaja kununua cha aina ile ile kwa ndege yake, akakiangusha sakafuni kabla hata hajakitumia. Taa yake ya kijani inawaka vizuri kabisa, ila hakirushi chochote.

Hilo la kukiangusha sikulijua siku hizo. Lishikeni.

Nitoke nje ya mada kidogo. Wenye magari mnajua tunavyofanya msimu wa ukaguzi ukifika. Mtungi mmoja wa zimamoto unazunguka mtaa mzima. Unakaguliwa nao, unatoka, unamkabidhi jirani naye anaingia. Ile pembetatu ya tahadhari hivyo hivyo. Stika ikishabandikwa, mtungi unarudi stoo kwa mwenyewe, na sisi tunachekeana, tunajiona wajanja wa mji.

Kwenye ndege ndogo ni yale yale. Boksi la huduma ya kwanza, jaketi la kuokolea, vyote vimeshazunguka. Ukaguzi ukipita, kila mtu anarudi na chake.

Turudi.

Kaka yangu mkubwa anaitwa Anaeli. Kwetu tumebaki wawili tu. Analima kahawa na migomba kwenye shamba la marehemu baba, kule juu kwenye mteremko wa Meru. Ni shamba la kupanda kwa magoti, mvua ikinyesha hata mbuzi wanateleza.

Miaka yote nimembembeleza apande ndege, hataki. Anaiita bajaji ya angani. Kilichomlainisha ni kile kifaa. Nilimwonyesha kwenye simu, nikamwambia, "Kaka, hata tukitua porini wanatuona." Akakiangalia weee, mwisho akasema, "Basi nipeleke nikalione shamba la mzee kutoka juu."

Tukaenda asubuhi ya siku ya kazi. Nilikagua ndege kama kawaida. Mafuta sawa, oili sawa, kifaa kipo kwenye kioo, taa ya kijani inawaka. Mke wangu hakuwa jikoni siku hiyo, alisafiri msibani, hakuwa na habari na simu. Tukaondoka.

Tulizunguka juu ya shamba. Kaka akaliona paa lake, akamwona shemeji anageuza kahawa kwenye vichanja. Alicheka kwa furaha mpaka machozi yakamtoka. Sijawahi kumwona hivyo tangu tuzaliwe.

Nikanogewa. Nikazunguka mlima kwenda upande wa magharibi nimwonyeshe zile nyika za wafugaji. Huko ndiko injini ilikoanza kukohoa, na baadaye ikazima kabisa.

Niliita kwa redio, lakini tulishakuwa chini na mlima uko katikati. Nikatua kwenye nyika. Tulishaanza kupunguza mwendo, tairi la mbele likaingia kwenye korongo lililofichwa na nyasi. Ndege ikapiga pua ardhini.

Mimi nilitoka na michubuko. Kaka mguu wa kulia ulivunjika vibaya chini ya goti, kanyagio zikamrudia. Nikamtoa, nikamlaza kivulini chini ya bawa, nikamfunga kwa shati langu. Mguu ulishaanza kuwa wa baridi.

Simu haina network hata kidogo. Nikachungulia ndani. Taa ya kijani inawaka.

Nikamwambia, "Tulia kaka. Wanatuona."

Waarusha waliokuwa wanachunga jirani walifika haraka. Wanaume na mama mmoja mtu mzima. Wakataka kumbeba pale pale kwa shuka na miti mpaka barabarani, wanakojua maziwa yanapitiwa na pikapu. Nikawakatalia. Nikawaambia wasimtikise, kuna helikopta itakuja na daktari, sisi tunaonekana kwenye screen.

Wakakaa. Tukasubiri wote tukitazama juu.

Jua likapanda. Likaanza kushuka. Kaka akaacha kulalamika maumivu, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Yule mama akasimama akanifokea, "Baba, hao wanaokuona, mbona hawaji? Macho yao yako wapi? Huyu ndugu yako anakufa hapa!"

Hakusubiri ruhusa yangu tena. Wakamfunga kwenye shuka, wakapokezana mabegani mpaka barabarani, tukapata ile pikapu, kaka akalazwa katikati ya madumu ya maziwa. Mungu awabariki wale watu, hawakuniuliza hata jina.

Hospitali daktari alimtazama mguu, kisha akanitazama mimi. Akasema damu ilikuwa haifiki chini kwa muda mrefu mno. Tungemleta mapema, angejaribu kuuokoa. Wakaukata juu ya goti.

Wakuu, shikeni viti sasa.

Kamanda alikuja pale hospitali, akanivuta kwenye korido, akaanza kulia. Siku ile ile alikuwa anasubiri wakaguzi kwenye banda lake Terrat. Jana yake jioni alikuwa ameingia kwenye ndege yetu kwa funguo zake, akachukua kifaa kizima, akabandika kile chake kibovu ili pasionekane pengo.

"Nilikiazima tu, mdogo wangu. Jioni nilikuwa nakirudisha."

Nilikiazima tu!

Haikuishia hapo. Waongoza ndege walisikia mwito wangu ukikatika-katika. Wakaangalia kwenye screen. Ndege yetu wakaiona Terrat, imetulia chini, maana Kamanda alikuwa amekiwasha mezani anajiandaa kukibadilisha jina kisome ndege yake. Wakampigia yeye kama mmiliki mwenza, wakamuuliza ndege yenu iko wapi, iko salama?

Wakaguzi walikuwa ndiyo wanaingia getini.

Akajibu, "Iko hapa, niko nayo."

Akakata simu. Akawakaribisha chai. Akapita ukaguzi. Walipoondoka ndipo akaanza kunipigia, hanipati, na bado akaona aibu kuwaambia wale watu ukweli. Alikuja kuusema tulipokwisha fika hospitali.

Nilimkaba. Manesi ndio waliomtoa mikononi mwangu. Sijutii kumkaba, ninachojutia ni kwamba manesi walikuwa wengi.

Sasa hivi anatuma watu. Eti mambo haya tuyamalize kifamilia. Eti nikimripoti atapoteza leseni, na yeye ni mtu mzima, ana watoto. Kaka yangu naye ana watoto! Na watoto wake wanakula kutoka kwenye shamba la kupanda kwa magoti. Atalipandaje kwa mkongojo?

Nimeshamripoti. Nimeandika kila kitu, nikatia sahihi, na yeyote anayeniita mnoko kwenye group naomba anipigie aniambie kwa sauti yake.

Nilichojifunza ni hiki. Taa kuwaka siyo kuonekana. Kabla hujaruka, mpigie mtu aliye chini afungue app, akuthibitishie kwamba anakuona wewe, pale ulipo. Na ninyi mnaoazimana mitungi na pembetatu, endeleeni kucheka. Ule mtungi uliopitia kwako siku ya ukaguzi, siku moto ukiwaka utakuwa stoo kwa jirani.

Wale mnaosema sharti hili ni usumbufu, njooni, uwanja ni wenu. Sitamtukana mtu. Nitawajibu wote nikipata nafasi, maana zamu ya kulala na kaka ni yangu wiki hii.

Jana wakati namgeuza kitandani aliniuliza kitu. Hakuuliza kwa ubaya, yeye siyo mtu wa lawama.

"Mdogo wangu, siku ile pale chini ya bawa, ni nani hasa alikuwa anatuona?"

Nilimaliza kumgeuza, nikamfunika shuka. Mwenye jibu aniandikie hapa chini, nikamsomee.