Ukimbofya Marehemu, Unapata Trekta

Nelba Bidegain hakuajiriwa kushughulikia tovuti. Aliajiriwa kusoma matangazo ya vifo saa sita mchana katika redio ya Villa Arrayán, mji wa wafugaji kaskazini mwa Uruguay, na alikuwa akiyasoma kwa sauti nzito isiyo na haraka, hata watu wakazoea kusema kwamba pale mjini mtu hajafa sawasawa mpaka Nelba amsome. Tovuti ilimwangukia tu. Siku moja karatasi ilikwama ndani ya mashine ya kuchapia, yeye akaifungua akaichomoa, na tangu hapo kila chenye waya pale redioni kikawa mzigo wake.

Hakulalamika sana, kwa sababu ndani ya tovuti hiyo alikuwa amejenga kitu cha maana. Kila tangazo alilolisoma hewani alilibandika pia kwenye ukurasa wake: jina la marehemu, saa ya mazishi, wafiwa, na chini yake nafasi ya watu kuacha neno la rambirambi. Miaka ilivyokwenda, kurasa zikawa maelfu. Watoto wa Villa Arrayán waliotawanyika, hawa Montevideo, hawa Buenos Aires, wengine Uhispania na Australia, walikuwa wakizifungua kama mtu anavyopita kaburini kusalimia.

Mwenye redio, don Wilmar Olascoaga, hakuwa mtu mbaya. Ugonjwa wake ulikuwa kupenda vipya. Mwezi wa Mei alikwenda mkutano wa wenye redio huko mji mkuu akarudi amekwisha saini mkataba wa tovuti mpya, itengenezwe na kijana aitwaye Fabricio. Juni ikafunguliwa. Ilipendeza, hilo Nelba alilikubali. Juu kabisa ya ukurasa wa mbele palikuwa na trekta jekundu, kubwa kiasi cha kujaza kioo kizima cha simu, tangazo la mfadhili mkuu wa redio.

Asubuhi iliyofuata simu ya mezani ikaita.

"Redio Arrayán, habari za asubuhi."

"Nelba? Ni mimi Marisel, binti wa marehemu Dorila Fagúndez. Napiga toka Melbourne."

"Marisel, mwanangu. Kuna nini huko?"

"Hapa hakuna kitu, kitu kiko huko kwenu. Namfungua mama kila asubuhi kabla sijaenda kazini, unajua. Leo nambofya mama, ananijia trekta."

Nelba alifikiri binti wa watu kakosea. Akajaribu mwenyewe. Akamtafuta Dorila, jina likatokea, akabofya, trekta likajaa machoni. Akamtafuta Pereira aliyezikwa Pasaka, trekta. Akamtafuta mama yake mzazi, marehemu Elida, naye trekta. Akampigia Fabricio.

"Kurasa zangu za zamani umezipeleka wapi?"

"Zipo zote, doña Nelba, usihofu. Hakuna hata moja iliyopotea. Zimehamia anwani mpya."

"Na mtu akija na anwani ya zamani?"

"Nimemwelekeza ukurasa wa mbele."

"Kila mtu?"

"Kila mtu. Amri ya mstari mmoja tu, safi kabisa."

Nelba akavuta pumzi. "Fabricio, ukihama nyumba, mtu akija kukuuliza pale ulipokuwa ukikaa, jirani amwelekeze kwako au ampeleke stendi ya mabasi amwache hapo?"

Kijana akacheka, kisha akaacha kucheka alipoona anacheka peke yake. Akaeleza kwamba anwani za zamani zilikuwa na tarehe ndani yake na mpya hazina, hivyo kuoanisha kila ukurasa wa zamani na mwenzake mpya ni kazi ya kuchosha, na kazi hiyo haimo kwenye mkataba.

Simu haikupumzika wiki nzima. Mmoja alimtafuta kaka yake, mwingine mwalimu wake, bibi mmoja akauliza kama trekta ndiyo alama mpya ya kanisa. Nelba akawa anajibu, anaomba radhi, anaweka simu chini, anaiokota tena. Katikati ya hayo don Wilmar akaingia, kibuyu cha mate, ile chai chungu ya kwao, mkononi na chupa ya maji moto kwapani, uso unang'aa.

"Nelba, njoo uone takwimu. Ukurasa wa mbele umepata wageni mara tatu ya zamani. Mara tatu, tena kwa juma moja."

"Hao si wageni, don Wilmar. Ni wafiwa."

"Mgeni ni mgeni."

"Tazama hapa basi." Akamgeuzia kioo. "Wanakaa muda gani? Sekunde chache, wanatoka."

"Watu wa siku hizi wanasoma haraka."

"Na hapa panaonyesha walikotokea. Wametokea kwenye anwani za marehemu. Mtu anabofya, anaangukia trekta, anadhani kakosea, anarudi, anabofya tena, anaangukia palepale. Kila kuanguka wewe unahesabu. Marisel wa Dorila peke yake anatosha kujaza basi dogo kila asubuhi."

"Huyo aliye Australia?" Don Wilmar akafyonza chai yake mpaka kibuyu kikakoroma. "Kumbe tunasikilizwa Australia."

Nelba akafumba macho. Jioni ile akamsikia hewani akiwatangazia wasikilizaji kwamba redio yao imevuka bahari.

Hakungoja ruhusa. Alimpigia tena Fabricio, safari hii kwa upole, na kijana, tumpe haki yake, aliona haya. Akatengeneza programu ndogo iliyooanisha majina yote yasiyo na pacha, na kwa yaliyobaki akamfundisha Nelba kwa simu: mstari mmoja kwa kila ukurasa, anwani ya zamani kushoto, mpya kulia, na mwishoni namba inayoiambia mitambo ya kutafutia kwamba ukurasa umehama moja kwa moja, si kwa muda. Yaliyobaki ndiyo yalikuwa shida. Villa Arrayán ni mji wa koo chache na majina machache. Juan Carlos Silveira walikuwa watatu, Pereira hawahesabiki, na kila mmoja ilibidi afunguliwe, asomwe, ajulikane ni yupi, ndipo aelekezwe kwake. Nelba akawazika tena watu wote aliokwisha wazika, safari hii kwa vidole, akila keki za kukaanga mezani na kuwalaani wazazi wasio na ubunifu wa majina.

Uchovu ukamponza. Redio ilikuwa ikibandika pia salamu za siku ya kuzaliwa, na siku moja mlango ukafunguliwa akaingia Héctor Silveira, mfugaji, amevaa buti zenye tope, kofia mkononi.

"Nelba, nimekufa lini?"

"Unasemaje, Héctor?"

"Nauliza tu. Kama nimekufa niambie, maana Alhamisi nina ng'ombe wa kuuza." Akaweka simu yake mezani. "Mkwe wangu alitaka kuona picha ya keki yangu ya mwaka jana. Kabofya, kakuta natangazwa marehemu. Kalia mpaka mji mzima wa Salto ukamsikia. Mwanangu kanipigia, na unajua kaniuliza nini? Kauliza habari ya shamba. Nikamwambia, shamba lipo na mwenye shamba ndiye unaongea naye."

Nelba akatazama. Kweli, alikuwa ameelekeza salamu za Héctor wa kusini mwa mto kwa tangazo la Héctor wa kaskazini, aliyefariki kwa ugonjwa wa moyo miaka iliyopita.

"Nisamehe, ndugu yangu. Simama hapohapo nikufufue."

Akausahihisha ule mstari, akahifadhi, akafungua kwenye kompyuta yake: keki ikatokea, na Héctor nyuma ya keki, mzima. Akamwambia ajaribu kwenye simu yake. Héctor akabofya.

"Bado nimekufa."

"Haiwezekani."

"Tazama mwenyewe. Nimezikwa saa kumi."

Simu yake ilikuwa imekariri njia ya jana na haikutaka kusikia habari ya leo. Nelba akaichukua, akahangaika na vitufe, akafuta kumbukumbu zake, na kwa bahati mbaya akafuta pia maneno ya siri ya benki ambayo Héctor hakuwahi kuyaweka kichwani. Mtu akaondoka mzima, ila hawezi kuingia benki. Nelba akalaza paji la uso mezani, akakaa hivyo mpaka ukafika wakati wa matangazo ya mchana.

Hata hivyo kazi ilikwisha. Agosti, kila marehemu alikuwa kwake na kila keki kwake. Simu ya mezani ikanyamaza, na Nelba akapata siku mbili tatu za raha. Kisha don Wilmar akamwita ofisini.

"Umeua tovuti."

"Nimefanyaje?"

"Ukurasa wa mbele umeporomoka. Tazama mstari huu, kama mtu aliyejitupa korongoni. Mfadhili ataniuliza nini? Rudisha kama ilivyokuwa."

Nelba akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwa akilifanya ofisini kwa mwenye redio. "Don Wilmar, usitazame mlango wa mbele peke yake. Tazama nyumba nzima. Hapa ni kurasa zote pamoja. Zimepungua?"

"Hazijapungua."

"Sasa tazama muda wanaokaa. Mwezi wa Juni mtu alikuwa anaingia anakimbia. Sasa anaingia anakaa dakika kadhaa. Anasoma, anaacha neno, anamtafuta na marehemu mwingine. Wale uliosema ni wageni walikuwa watu wamepotea njia. Wamefika walikokuwa wakienda, basi."

Mzee akatazama kioo muda mrefu. Akashusha miwani, akaipandisha. Nelba akaona kitu kimeingia, na moyo wake ukalainika kidogo.

"Kumbe watu wako kwa marehemu," akasema don Wilmar.

"Ndiyo ninayokuambia tangu Juni."

"Basi trekta tulihamishie huko."

Nelba alimtazama, na mambo mengi yakampitia, mengine si ya kusemwa mbele ya mtu anayekulipa. Kisha akanyoosha mgongo, akakunja mikono mapajani, na kwa sauti yake ileile ya saa sita mchana, nzito, isiyo na haraka, akaanza:

"Ametutoka katika amani ya Bwana, Dorila Fagúndez, mjane wa Sosa. Wanawe, wakwe zake na wajukuu zake wanasikitika kutangaza kifo chake. Injini ya nguvu za farasi tisini, malipo ya polepole. Mazishi ni leo saa kumi. Wahi kabla matrekta hayajaisha."

Mwanamke wa mapokezi, aliyesikia toka nje, akachungulia na uso wa huzuni akauliza nani tena kafariki.

"Hakuna aliyefariki, Ivonne, rudi kazini," don Wilmar akasema, masikio yamemwiva. Akageukia kibuyu chake, kilikuwa kikavu. "Kwa sauti hiyo hata keki ya harusi haiuziki."

"Sauti yangu ni hiyohiyo. Ukiniambia nilibandike trekta, nitalisoma na hewani hivyohivyo, maana tangazo la hewani na la tovuti ni moja."

Hakuambiwa alibandike. Lakini don Wilmar hakuwa mtu wa kuacha wageni wakae bure, na baada ya juma akaja na lingine: mstari mmoja chini ya kila tangazo, bila picha, wa duka la maua la Irma, lililo karibu na makaburi. Nelba alitafuta cha kukasirikia hapo akakikosa, akakubali, kwa sharti maandishi yawe madogo.

Agizo la kwanza lilitoka Melbourne. Irma hakupokea simu za namba ndefu kwa sababu aliambiwa ni za matapeli, kwa hiyo Marisel akapiga redioni, na Nelba akachukua agizo kwa mdomo. Jumamosi gari la Irma likagoma kuwaka. Irma akaleta maua mpaka mlango wa redio, akamkabidhi Nelba, akasema yeye ana harusi.

Basi Nelba akayabeba mwenyewe, mvua ikinyesha, akapanda njia ya makaburini viatu vikizama, akatafuta kaburi la Dorila mstari baada ya mstari kwa kuwa hata huko majina yalikuwa yaleyale. Alipolipata akaweka maua, akayapanga vizuri kidogo, akafuta jina kwa kitambaa chake, akapiga picha akiwa ameshika mwavuli kwa meno. Akaituma Australia, akabaki amesimama pale akingoja, sijui akingoja nini.

Jibu likaja upesi. Marisel alishukuru sana, alisema analia, Mungu ambariki. Halafu likaja la pili: ila mama hakuwa akipenda maua ya rangi ya waridi, Irma anajua, Nelba amwambie safari ijayo alete ya njano.

Nelba akaisoma mara mbili. Akaitia simu mfukoni, akang'oa kiatu kimoja kwenye tope, kisha cha pili, akashuka mjini haraka. Saa sita ilikuwa imekaribia, na siku hiyo palikuwa na Pereira wawili wa kusoma.