Kikohozi cha Mkwe

Mvivu hachoki, kwa sababu hupumzika kabla ya kazi. Anayechoka ni mtu kama Twalibu Kitwana, dresa, yaani mganga msaidizi, wa macho wa hospitali ya Kisarawe. Alichoka mgongo, akachoka magoti, na zaidi ya yote akachoka macho, maana kazi yake ilikuwa kutazama macho ya wenzake. Miaka hiyo vita vikubwa vya pili vilikuwa vimekwisha, Mwingereza bado yupo, na baiskeli ya Serikali ilikuwa na tairi lililoshonwa kama gunia. Kwa baiskeli hiyo alikwenda Visiga, akaenda Soga, akarudi. Ninaposema alikwenda kwa baiskeli, nyie vijana msidhani aliipanda. Mchanga wa njia ile haupandiki. Aliisukuma, na kwenye makorongo aliibeba. Nani kambeba mwenzake, Mungu ndiye anajua.

Huko alikokwenda walimngoja watoto wenye nzi kwenye kope na akina mama wenye ugonjwa wa vikope. Ugonjwa huo hugeuza kope kuelekea ndani, zikawa zinakwangua jicho kila mtu anapopepesa. Twalibu alizing'oa kwa kibano, moja moja, na baada ya miezi ziliota tena, akazing'oa tena. Wakamwita Bwana Kibano. Ni kama kupalilia shamba la magugu ambalo si lako na halina mavuno.

Alfajiri, kabla ya hayo yote, alipitia kwa Zahoro mchinjaji kuchukua macho ya mbuzi.

"Bwana Kibano, chukua," Zahoro alimwambia, akimtilia kwenye bakuli. "Hawa wamekukodolea tangu nimewachinja. Wanataka kujua utawapa miwani lini."

"Wapole kuliko wateja wako wa nyama."

"Watu wanasema unayakaanga."

"Waambie nayala mabichi, ndiyo maana naona mbali."

Hakuyala. Alijifunzia upasuaji. Kulikuwa na daktari wa Kizungu aliyekuja toka Dar es Salaam mara chache kwa mwaka, mtu mrefu, mwenye shingo ya korongo, ambaye neno lake lilikuwa "taratibu". Kisu taratibu, uzi taratibu, hata chai alikunywa taratibu mpaka ikapoa. Watu wakambatiza Bwana Taratibu. Huyu alikuwa anamfundisha Twalibu kutoa mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe unaowafunga wazee macho, na alianza kumfundisha kwa mbuzi.

Lakini Bwana Taratibu alikuwa na la kwake lililomnyima raha. Wakubwa zake walimfundisha kwamba aliyepasuliwa jicho ni lazima alale chali kama gogo, macho yote mawili yamefungwa, mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa, asikohoe, asicheke, asiinuke. Yeye aliona wazee wanaolazwa hivyo wanapata vichomi na vidonda vya mgongo, wengine wanaweweseka. Akataka kujua: je, wakifungwa jicho moja tu na kuachwa waketi na kutembea kesho yake, watapona vibaya zaidi au sawasawa? Basi akawagawa kwa zamu, huyu hivi, anayefuata vile, bila upendeleo. Wagonjwa wenyewe wakayapa mafungu majina: magogo na kuku. Gogo hulala, kuku huzurura.

Sasa, Twalibu alikuwa na mke, Mwanajuma, binti wa Visiga, na Mwanajuma alikuwa na mama, Bi Mwanamkuu, na Bi Mwanamkuu alikuwa haoni. Alipapasa ukuta kwenda uani. Siku moja alitia mkono kwenye chungu cha mihogo inayochemka akidhani ni mtungi wa maji.

"Unafungua macho ya watu wa Soga," Mwanajuma alimwambia mumewe, akimwekea ugali. "Mama yangu anaungua vidole. Au macho ya Visiga ni ya mbuzi?"

"Mwanajuma, yule ni mkwe wangu."

"Na mimi ni nani, jirani?"

Hapo ndipo pagumu. Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Twalibu alipokwenda ukweni alisimama nyuma ya jiko, akakohoa mara mbili, "khm, khm", na kabla hajasema hodi Bi Mwanamkuu alikwishageuka, kachuchumaa, na kanga imemfunika mpaka kidevuni. Halafu ndiyo salamu, kupitia ukuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe. Hawajambo huko?"

Miaka yote hiyo ya ndoa, alichokijua Twalibu kwa mama mkwe wake ni visigino na sauti. Na upofu haukubadili kitu. Yeye haoni, lakini anaonekana, na aibu ni ya anayeonekana.

Mwanajuma alimbembeleza mama yake mpaka akakubali, kwa sharti moja: ampasue Mzungu. "Mzungu si mkwe wa mtu," alisema Bi Mwanamkuu. Akapakiwa kwenye lori la mkaa, akafika Kisarawe mweusi kuliko mzigo.

Siku ya upasuaji Bwana Taratibu alisogea pembeni, akamwonyesha Twalibu kisu kwa kidevu. "Huyu ni wako. Umewachosha mbuzi."

Hapo angesema. Lakini kumweleza Mzungu ukwe ni kazi ya kutwa nzima, na Twalibu alikuwa amechoka. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Sababu nyingine ilikuwa chini yake: alitaka mkono wake ndio umtoe mama yule gizani, na alijua akiuliza ataambiwa hapana. Akavua viatu, asitambuliwe kwa mwendo.

Mgonjwa alifunikwa shuka lenye tundu, jicho peke yake likachungulia. Twalibu akajiambia kwamba hata uso hakuuona, ameona jicho tu.

"Anayepasua ni nani?" Bi Mwanamkuu aliuliza chini ya shuka.

"Taratibu, mama," Mzungu akasema. "Tazama miguu yako."

Dawa ya ganzi iliingia. Kisu kikapita ukingoni mwa kioo cha jicho, chembamba kama jani la mchaichai, na yule mtoto wa jicho akateleza nje mzima, kama punje ya hindi bichi. Mkono wa Twalibu haukutikisika.

Zamu ya Bi Mwanamkuu ikaangukia kwa magogo. Kitanda cha jirani alilala Bartolomeo, Mnyamwezi wa genge la reli la Soga, naye kapasuliwa, lakini kuku. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu zamani. Mtani hutukana, wala hukasiriki, na mambo mazito yanayokwama kwa aibu ndiye hutumwa kuyasema. Bartolomeo aliketi na jicho lake moja wazi, kinywa kinamwasha.

"Wewe bibi wa Kizaramo, umelala kama nguruwe chini ya mkwaju, nani atalima huko kwenu?"

"Nitukane baadaye," Bi Mwanamkuu alijibu bila kutikisa midomo. "Nimekatazwa kucheka."

"Nani kasema nachekesha? Naeleza."

Twalibu alipita asubuhi na jioni, peku, akimtia dawa bila neno. Mwanajuma alikaa kitandani kumlisha mama yake uji, akawa anamtazama mumewe kwa jicho la kumcheka. Kidonda kilikuwa kinafunga vizuri.

Kisha ikaja siku ya Soga. Twalibu alirudi mchana wa jua kali, vumbi limemkaukia kooni, usingizi umemsimamia mbele kama mtu. Akaingia wodini akiwaza kibano na kope na tairi. Mlangoni koo likamkwaruza, naye akakohoa. "Khm, khm." Vile vile, mara mbili, kama nyuma ya jiko la Visiga.

Bi Mwanamkuu hakuwaza. Mwili wake ndio uliofanya, ulivyozoea. Mifuko ya mchanga ikaruka, akageuka, akachuchumaa kitandani, na kanga ikavutwa juu ya kichwa, juu ya bandeji, mpaka kidevuni.

"Karibu, mkwe," akasema ndani ya kanga. Kisha akatoa sauti nyingine.

Twalibu alipofungua bandeji kidonda kilikuwa kimeachama, na kile cheusi cha ndani kimechungulia nje pamoja na damu. Bwana Taratibu alikuja na biskuti zake mkononi, akashona alichoweza. Jicho likabaki, mwanga haukubaki.

"Kwa nini amekaa ghafla?" Mzungu aliuliza nje.

Twalibu akamweleza ukwe. Kweli ilichukua muda.

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, bwana."

"Sasa huyu nimhesabu vipi? Gogo aliyeharibika kwa kulazwa? Au nimtoe kabisa hesabuni?"

"Usimtoe," Twalibu akasema. "Kulala hakujamharibu. Nimemharibu mimi. Andika hivyo."

Bwana Taratibu alimtazama, kisha kwa mara ya kwanza akafanya kitu haraka: akamwachia biskuti zote, akaondoka.

Likabaki jicho la pili. Mwanajuma alimwekea mumewe ugali, akaenda kula uani. Twalibu aliendelea na kope za Soga. Usiku alilala kama mfu, asubuhi akaamka amechoka vile vile alivyolala. Macho ya mbuzi kwa Zahoro aliyapita bila kuyachukua.

Mvua zilipokwisha, Bartolomeo alitokea Visiga, jicho lake safi nyuma ya miwani minene, akaketi uani kwa Bi Mwanamkuu bila kukaribishwa.

"Nimetumwa na mwizi wako," akasema.

"Mwizi gani?"

"Yule mkweo. Ndiye aliyekupasua, si Mzungu, anakunyatia peku kama anataka kuku. Anauliza kama utamsamehe. Na mimi nauliza, uso unaouficha ni upi hasa? Nimeuona wodini. Ulivyo, ningekuwa mimi ningeufunika hata bila mkwe."

Bi Mwanamkuu alicheka mpaka akashika mbavu. Sasa alikuwa ana ruhusa. Alipomaliza alijipangusa macho kwa upindo wa kanga.

"Mwambie hivi. Asininyatie tena. Kama anakuja, aje na kikohozi chake, nijue ni mkwe, nami nitajifunga. Kilichoniponza si mkono wake. Ni kushtukizwa."

"Na aibu?"

"Aibu utaishika wewe. Kazi ya mtani ni nini?"

Mzungu aliporudi, zamu haikumpendelea Bi Mwanamkuu: gogo tena. Akafunikwa shuka lenye tundu. Bartolomeo alisimama miguuni, kashika vifundo vya miguu ya mgonjwa, na ameapishwa asiseme neno. Mtani kunyamaza! Jasho lilimtoka kama anabeba mataruma ya reli.

Twalibu alisimama mlangoni na viatu vyake miguuni. Akakohoa. "Khm, khm."

Mkono wa Bi Mwanamkuu ulirukia upindo wa kanga, ukaukamata, ukakaa hapo hapo. Kichwa hakikusogea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe. Fanya."

Na kila alipopita kumtia dawa siku zilizofuata alikohoa, mkono ukaushika upindo, na kichwa kikatulia. Kuna wakati machozi yalilowesha bandeji, na Bwana Taratibu akauliza kama anaumwa. Haumwi, akajibu Mwanajuma. Anajizuia.

Siku ya kufungua, Mzungu alitoa bandeji mwenyewe, akamvisha miwani minene kama vitako vya chupa. Bi Mwanamkuu alitazama mikono yake kwanza, pande zote mbili. Akamtazama binti yake, akamgusa shavu. Akamtazama Bartolomeo, akasema, "Kumbe na wewe huna uso," na Mnyamwezi akapiga kofi la furaha.

Twalibu alikuwa dirishani, amewapa mgongo, kama inavyotakiwa. Shati la kaki limechanika begani, limeshonwa, limechanika tena kando ya mshono. Mabega yameshuka. Kisigino kimoja cha kiatu kimelika kwa kusukuma baiskeli.

Bi Mwanamkuu aliutazama mgongo ule kwa muda mrefu. Ndiyo mara ya kwanza kumwona mkwewe, na mgongo haukatazwi.

"Mwanajuma," akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana. "Mumeo amechoka hivi siku zote?"

"Siku zote, mama."

"Mwambie akalale."

Twalibu alisikia. Akakohoa mara mbili, akajibu akiwa vile vile, mgongo kwake: "Nimesikia, mama. Ahsante."

Lakini upande ule wa dirisha, kwenye kibaraza, walikuwa wameketi watu wa Soga walioteremka na lori la asubuhi. Mama mmoja alikuwa amempakata mtoto na kumfukuzia nzi, na wa mbele kabisa alikwishaanza kujigeuza kope kwa kidole, ili asimchoshe mganga.

Twalibu akachukua kibano, akatoka.