Kaka Alipotarajiwa Kutua Uwanjani

Aibu yangu itaniua. Mkuu wa shule aliniuliza, "Kaka yako anayefundisha urubani chuo kikuu, Jumamosi anakuja na ndege, siyo?"

Kwetu Lufingo mtoto habishani na mkubwa. Nilipiga goti nikajibu, "Ndiyo, mwalimu."

Ijumaa shule nzima ilifyeka uwanja na kung'oa magoli. Wasichana ambao hawajawahi kunisalimia wakaanza kuniita wifi. Nami nikaitika.

Jumamosi kaka alitokea kwa miguu, koti la mtumba limelowa, viatu mkononi kwa sababu ya matope.

"Rubani, ndege umeiacha wapi?" aliuliza mkuu.

"Ndege ni ya chuo, mzee. Nimekuja na basi. Nani kawaambia nakuja na ndege?"

Wote wakanigeukia, mikono imejaa malengelenge.