Vifaranga wa Yaya Ndani ya Koti la Baba Dany

Jamani, mkasa huu nimeuficha tangu msimu wa baridi uliopita, na hata sasa nikiukumbuka uso unanichoma, lakini kwa vile nusu ya mtaa wetu wa Kampemba wanausimulia bila mimi (tena wanatia chumvi), afadhali muusikie kwa mwenyewe.

Dada yangu mkubwa, Yaya Léontine, alifiwa na mume, akaja kukaa kwangu kutoka Kasenga na begi moja na vifaranga ishirini. Hao vifaranga ndio walikuwa maisha yake mapya: wakue, watage, apate kuondoka akajitegemee, maana kula kwa mdogo wake kulimuuma ingawa hakusema. Tuliwaweka kwenye katoni kubwa pembeni ya salon, sebule yetu, karibu na mbabula, lile jiko letu la makaa, na Yaya ndiye aliyelichochea. Walikuwa na majuma mawili tu aliposafiri kwenda Kasenga kuchukua vyombo vyake vilivyobaki. Mlangoni akanishika mkono.

"Mudogo yangu, usibatoshe inje mbele manyoya iishe kuota. Kama ni lazima, ni saa ya jua tu, kisha unabarudisha. Baridi ya huku inaua."

"Yaya, mi ni mutoto? Enda na amani."

Sasa, Jumapili ile shirika letu la sala (sisi Wakatoliki wa mtaa tunapokezana nyumba) lilikuwa linakuja kwangu, na juma lililotangulia tulikuwa kwa Mama Présidente, mwenyekiti wetu, ambaye sakafu yake inang'aa mpaka unaona meno yako, na kwangu, tuseme ukweli, kulinuka kuku. Nikawaza, wale mama watasali wameziba pua, na kesho nitaimbwa sokoni. Saa nne asubuhi jua likawa zuri, nikasema moyoni baridi gani hii, Yaya anaogopa bure, nikabeba katoni, nikawamwaga wote ishirini kwenye nyumba ya kuku ambayo mume wangu, Baba Dany, aliijenga kwa mabati ya zamani nyuma ya jikoni. Wakaanza kuparuaparua, nikafurahi. Nikasugua sakafu kwa sabuni, nikakaanga mikate, nikapanga viti, nikasahau kabisa kuwarudisha. (Hapana, nisidanganye. Sikusahau. Saa tisa nilikumbuka, nikaitazama sakafu yangu, nikasema bado kidogo.)

Saa kumi na moja mama wakajaa salon, jua likaanza kushuka, na upepo wetu wa mwezi wa sita ukaingia kwa fujo, hata mimi nikavaa koti kubwa la Baba Dany. Rozari imeanza tu, huko nyuma vifaranga wakalia, kilio kirefu, kila mtu akasikia.

"Mama Dany," Mama Présidente akakatisha sala, "batoto ba kuku ba nani banalia vile?"

"Ni ba voisin, mama," nikamsingizia jirani. "Ule hajue kuchunga."

Nikatoka, eti naangalia chai. Walikuwa wamelundikana kona moja, wakipandana kutafuta joto, na wa chini walikuwa wameshakufa. Nilihesabu waliokuwa wanapumua: tisa. Jikoni kulikuwa na mama wawili wanachemsha maji, mlango wa chumbani umezibwa na benchi la wageni, nipite wapi? Mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi niliwatia wote tisa ndani ya koti, nikafunga vifungo, nikakaza kitenge kiunoni wasidondoke, nikarudi kupiga magoti na sura ya mtakatifu.

Kumbe kifaranga akipata joto, sauti inarudi. Salamu Maria ya kwanza walinyamaza, ya pili mmoja akaanza, nikapaza sauti, ya tatu wakaitikia wote, nikakohoa, mama aliyepiga magoti kando yangu akakitazama kifua changu, na hapo mmoja akatoa kichwa kwenye kola, akawaangalia watu, akalia.

Mama Présidente akauliza, polepole kabisa: "Mama Dany, kumbe voisin njo weye?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nikacheka nao, ningefanya nini, nikafungua vifungo, vifaranga wakazagaa miguuni mwa wageni, mmoja akachafua kitabu cha nyimbo. Ndipo nikaona mtu amesimama mlangoni, ana furushi la sufuria kichwani. Yaya.

Hakucheka. Alitua furushi, akawaokota mmoja mmoja, akawafunika kwa kitambaa chake.

"Tisa," akasema. "Bengine beko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole nyuma ya jikoni.

"Yaya, unisamehe. Nilisikia haya juu ya bageni."

"Ungeniambia tu kama tunanuka, mudogo yangu. Ningebabeba nabo Kasenga."

Tunanuka, alisema. Hakusema wananuka. Nilitamani ardhi ipasuke, si kwa sababu ya wale mama.

Hakunigombeza hata siku moja. Aliwalea wale tisa mpaka manyoya yakajaa, kisha akaniaga vizuri, akarudi nao Kasenga. Nimeapa sitamtoa tena mtu wa nyumbani kwenye baridi kwa ajili ya mgeni wa saa moja, lakini kiapo changu kimechelewa. Salon yangu sasa inanukia sabuni tu. Mama wa shirika wakija wanaisifu, nami naitazama pembe ilipokaa katoni.