Moli mbili za Rukia

Leo nimemkalisha chini mwanafunzi aliyekuwa sahihi, na darasa zima likamcheka.

Mnajua nafundisha kemia hapa Amu. Asubuhi niliuliza: gramu sitini na nne za gesi ya oksijeni ni moli ngapi?

Rukia, ambaye huwa haongei kabisa, akanyoosha mkono.

"Moli mbili, mwalimu."

Nikasema ni nne. Sitini na nne gawanya kwa kumi na sita, hesabu ya mtoto mdogo.

(Ndivyo nilivyosema, jamani. Ya mtoto mdogo.)

"Lakini mwalimu, hii ni gesi..."

Nikamwambia akae.

Mchana, nikisahihisha madaftari, ndipo nikashtuka. Kumi na sita ni gramu za moli moja ya atomi. Gesi ya oksijeni atomi zake zimeshikana mbili mbili, kwa hiyo moli yake moja ni gramu thelathini na mbili.

Jibu ni mbili.

Nikaenda moja kwa moja hadi kwao Mkomani. Mamake akanikaribisha ndani, akamwita. Nikamwomba radhi mbele ya mamake.

"Haidhuru, mwalimu," akasema, macho chini. "Lakini kemia nishaiacha. Leo tulikuwa tunachagua masomo."

Nimemsihi abadilishe. Amesema atafikiri.

Kesho nitasimama mbele ya darasa lile lile niseme nilikosea. Sijui kama atakuwepo.

Nyinyi mliowahi kunyamazishwa darasani, niambieni: mwalimu angesema nini ndipo mkarudi?